Sarafu ya Rubani wa Tuskegee: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndugu akirudi likizo kutoka Marekani, mabegi hufunguliwa, zawadi hugawanywa, na mwisho kabisa hukung'uta mifuko ya koti. Hutoka chenji, watoto wakaigombania. Mara nyingine humo huwamo sarafu moja ya mwaka 2021 yenye rubani Mweusi wa Marekani, wa Vita Kuu ya Pili, anayejiweka tayari kwenda vitani, uso ameuelekeza juu, ndege mbili zikipita angani. Maswali ninayoulizwa kuhusu sarafu hiyo hayabadiliki sana, na la bei hutangulia siku zote. Basi na hapa litangulie.

Ina thamani gani?

Senti 25 za Marekani. Robo dola, basi. Najua jibu hili linavunja moyo, lakini sarafu hii ilipoanza kutolewa Januari 2021 ilifuliwa kwa mamia ya milioni, na iliyokwisha kununua soda na kulipia maegesho haina cha kuipandisha bei. Ukienda nayo kwenye duka la kubadilisha fedha, iwe Dar es Salaam au Mombasa, kwa kawaida utaambiwa wanapokea noti tu. Mnunuzi wako wa kweli ni mtu anayesafiri kwenda huko, naye atakupa senti 25 zako au atakucheka.

Wapo wanaoitangaza mtandaoni kwa mamilioni ya shilingi. Bei anayoitaja muuzaji na bei aliyoilipa mnunuzi ni vitu viwili tofauti, na cha kwanza hakigharimu kitu.

Mjomba, hii si fedha kweli? Mbona inang'aa?

Inayong'aa ni nikeli. Moyo wake ni shaba tupu, na pande zote mbili imevikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukiichukua nzima, shaba ni asilimia 91.67 na nikeli 8.33, uzito wake gramu 5.67, upana milimita 24.26. Isimamishe uitazame ukingoni. Ukiona mstari wa rangi ya shaba umebanwa katikati, kama siagi ya karanga kati ya vipande viwili vya mkate, hiyo ni ya kawaida. Marekani iliacha kutia madini ya fedha katika robo dola za matumizi ya kila siku baada ya zile zenye mwaka 1964.

Za fedha zipo, ila hazitoki kwenye chenji. Karakana ya San Francisco ilifua toleo la wakusanyaji lenye fedha ya asilimia 99.9. Lipo pia toleo la aunsi tano, upana milimita 76.2, linaloweza kufunika mdomo wa kikombe cha chai. Cha kuchekesha ni kwamba hata hilo limeandikwa robo dola. Kisheria unaweza kununulia pipi.

Herufi ndogo nyuma ya shingo ya Washington ni ya nini?

Ni alama ya mahali ilipofuliwa: P ni Philadelphia, D ni Denver, S ni San Francisco. Za matumizi ya kawaida ni P na D. Hakuna iliyo adimu kati ya hizo mbili.

Mbona upande mmoja ni Washington na mwingine ni rubani?

Sisi tuliokua tukirusha shilingi na kuuliza "kichwa au mwenge?" tunaelewa haraka: kichwa ni cha kiongozi, upande wa pili ndio unaobeba habari. Sura ya George Washington imekaa kwenye robo dola tangu 1932, ilipotimia miaka 200 ya kuzaliwa kwake, na mchongaji wake ni John Flanagan. Upande wa mwenge ndio uliobadilishwa. Kwa sheria ya mwaka 2008, Marekani ilitoa sarafu 56 za mbuga na maeneo yake ya kihistoria, tano kila mwaka kuanzia 2010. Hesabu ikabakiza moja ya peke yake mwaka 2021, na hiyo ya mwisho ndiyo ya Tuskegee, mji wa jimbo la Alabama walikofunzwa marubani hao Weusi.

Washington alimiliki watumwa. Sasa mgongoni mwake yupo rubani Mweusi, na huwezi kutumia upande mmoja ukauacha mwingine.

Huyu rubani ni nani hasa?

Hana jina. Mchoraji, Chris Costello, na mchongaji, Phebe Hemphill, hawakuchonga sura ya mtu fulani. Anawakilisha kundi linaloitwa Tuskegee Airmen, ambalo mimi huliita Wanahewa wa Tuskegee. Sisemi "marubani", kwa sababu nyuma ya kila rubani walikuwapo mafundi wa injini, wapakia risasi, wakunja parachuti, wauguzi na wapishi, maelfu ya watu, wanawake wakiwamo. Marubani wenyewe waliohitimu pale kati ya 1942 na 1946 walikuwa karibu 1,000.

Mwenye kutaka jina, ninayo mengi, lakini huanza na Benjamin O. Davis Jr. Aliingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake Wazungu hawakuzungumza naye isipokuwa kwa shughuli ya kazi; alikula peke yake, akalala chumba cha peke yake. Walitaka aondoke. Alihitimu 1936, na tarehe 7 Machi 1942 akawa mmoja wa marubani watano wa kwanza kuhitimu Tuskegee. Aliwaongoza wenzake vitani, na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza Mweusi wa Jeshi la Anga la Marekani. Ingekuwa hiari yangu sarafu ingekuwa na sura yake. Lakini nikikumbuka yule fundi aliyekesha akibadilisha injini ili ndege iondoke alfajiri, naona aliyechagua kumwacha rubani bila jina hakukosea.

Maneno yaliyopinda juu yake yanasema nini?

THEY FOUGHT TWO WARS. Walipigana vita viwili. Kiswahili kinatupa tabu kidogo hapa, maana kwetu neno vita huvaa sura ya wingi hata vikiwa vimoja; bila kutaja "viwili" utamu wote unapotea.

Vita vya kwanza vilikuwa dhidi ya Ujerumani ya Hitler na Italia ya Mussolini. Vya pili vilikuwa nyumbani, dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba mtu Mweusi ana akili na ujasiri pungufu kwa kazi kubwa za vita, na fikra hiyo iliendelea kutawala kwa miaka. Vita vilipokaribia, magazeti ya Weusi na vyama vya haki za raia vilishinikiza mpaka serikali ikakubali kufundisha marubani Weusi, lakini kando, kwenye kiwanja chao, mbali na wengine. Wapo walioliita jaribio, na si wote waliotaka lifaulu. Mwaka 1942 gazeti la Pittsburgh Courier likaanzisha kampeni ya V mbili: ushindi ugenini na ushindi nyumbani. Maneno ya kwenye sarafu yanatoka katika fikra hiyo.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi ni wa Alexander Jefferson. Ndege yake ilitunguliwa kusini mwa Ufaransa Agosti 1944, akatekwa, akafungwa katika kambi ya Wajerumani ambako alitendewa kama afisa mwingine yeyote. Vita vikaisha, akarudishwa kwa meli. Aliposhuka bandarini New York akakuta watu wanatenganishwa: Wazungu kulia, Weusi kushoto.

Na Aprili 1945, Wajerumani hawajasalimu amri, maafisa Weusi waliokuwa kambi ya Freeman Field, jimbo la Indiana, waliingia katika klabu ya maafisa iliyotengwa kwa Wazungu. Walipoletewa karatasi ya kukubali utengano ule waitie saini, 101 walikataa, wakakamatwa. Msomaji ambaye babu yake alikwenda Burma na keya, akarudi kijijini kuitwa "boi" na mkuu wa wilaya, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ni kweli hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza?

Si kweli, ingawa utalisikia kila mahali. Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hadithi hii imependwa mno.

Kazi yao kubwa kuanzia katikati ya 1944, wakiwa Ramitelli nchini Italia, ilikuwa kusindikiza ndege za mabomu zilizokwenda kupiga viwanda, reli na mitambo ya mafuta ya adui. Ndege ya mabomu ni nzito na ya polepole. Bila walinzi, ndege za kivita za Wajerumani huitafuna. Sifa ya kwamba hakuna hata moja iliyoangushwa chini ya ulinzi wao ilianza kuandikwa magazetini vita havijaisha, ikarudiwa kwa miongo sita. Kisha mwanahistoria wa Jeshi la Anga, Daniel Haulman, akakaa na kumbukumbu, akalinganisha tarehe, saa na majina ya vikosi. Akapata ndege 27 zilizoangushwa na ndege za adui wakati wao ndio walinzi.

Wapo waliokasirika, na ninawaelewa. Lakini soma hesabu hadi mwisho: wastani wa vikundi vingine vilivyorusha Mustang, ndege ya kivita kama yao, katika jeshi lile lile la anga ulikuwa ndege 46. Kwa hiyo walipoteza pungufu sana kuliko wenzao. Mimi naona sifa hii inapendeza zaidi kuliko ile ya sifuri, maana sifuri ni ya malaika. 27 ni ya vijana waliorudi kambini siku fulani wakijua kuna wenzao kumi ndani ya ndege moja ambao hawakuweza kuwaokoa.

Hesabu nyingine zilizothibitishwa: waliangusha ndege 112 za adui angani. Wao wenyewe 66 walikufa vitani na 32 walitekwa. Hakuna aliyefikisha ndege tano, idadi inayompa rubani sifa ya "ace". Watatu waliishia nne nne, Lee Archer akiwa mmojawapo. Tarehe 24 Machi 1945 walisindikiza ndege hadi Berlin, safari ya maili 1,600 kwenda na kurudi, na wakaangusha tatu za jeti za Kijerumani aina ya Me 262, ambazo kwa mwendo hakuna Mustang iliyoweza kuzifukuza. Roscoe Brown, mmoja wa waliofaulu, hakuifukuza. Aliijia kutoka upande ambao rubani wake hakuutazamia.

Kwa nini waliitwa Mikia Myekundu? Ilikuwa nishani?

Hapana. Kila kundi lilikuwa na rangi yake ili watambuane angani: wengine mikia ya njano, wengine ya mirabaraba. Kundi la 332, ndilo lao, lilipewa nyekundu. Sarafu haina rangi, kwa hiyo ndege mbili za pale juu huwezi kuzitambua kwa mikia. Ukiuziwa sarafu yenye mikia iliyopakwa nyekundu, ujue ni kazi ya mfanyabiashara, haikutoka karakana hivyo.

Picha yenyewe ni sahihi kihistoria?

Nusu nusu. Mnara unaoonekana ni wa kuongozea ndege wa Moton Field, kiwanja kilichojengwa kwa mkopo wa dola 175,000 kutoka mfuko wa hisani wa Rosenwald. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alikuwa kwenye bodi ya mfuko huo. Mwaka 1941 alifika Tuskegee akapanda ndege iliyorushwa na mwalimu Mweusi, Charles Alfred Anderson, na picha yake akiwa kiti cha nyuma ikazunguka nchi nzima. Lakini Moton Field palikuwa pa hatua ya kwanza. Mwanafunzi alianza na Stearman, ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Mustang, ndizo zile mbili zinazopita juu kwenye sarafu, alikuja kukutana nayo miezi mingi baadaye, Italia, baada ya ndege za kivita za P-40 na P-47. Sarafu imebana miaka mitatu na mabara mawili ndani ya milimita 24, na sijui mchoraji angefanyaje vinginevyo.

Tuskegee hii ndiyo ile ya utafiti wa kaswende?

Ni mji ule ule, na swali ni la haki. Kati ya 1932 na 1972 idara ya afya ya umma ya Marekani ilifuatilia mamia ya wanaume Weusi wa wilaya hiyo waliokuwa na kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Wanahewa hawakuwa sehemu ya utafiti huo na hawakuambukizwa na mtu. Ila mambo haya mawili yalitendeka mahali pamoja, miaka ile ile, chini ya serikali ile ile.

Afrika inaingia wapi?

Inaingia mara mbili. Kikosi cha 99, cha kwanza cha Wanahewa kwenda vitani, kilishuka Morocco Aprili 1943, kikafanya mazoezi karibu na Fez, kisha kikahamia Tunisia. Kutoka huko, mwezi Juni, ndiko walikoruka kwenda kupiga kisiwa cha Pantelleria. Tarehe 2 Julai, juu ya Sicily, Charles Hall akawa wa kwanza kati yao kuangusha ndege ya Kijerumani.

Mara ya pili inarudi nyuma zaidi. John C. Robinson alisomea ufundi Tuskegee, akajifunza urubani Chicago, na aliwahi kuishawishi shule yake ya zamani ianzishe masomo ya kuruka. Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Robinson alikuwa Addis Ababa, akimtumikia Haile Selassie na kuongoza jeshi dogo la anga lililokuwa na ndege chache zisizo na silaha za maana. Alirudi Marekani 1936 akiwa shujaa wa Weusi. Baadaye alikwenda tena Ethiopia kufundisha marubani, na akafia huko mwaka 1954 kwa ajali ya ndege. Hana sarafu. Nikiulizwa nani angestahili inayofuata, huyo ndiye jibu langu.

Nimesikia walipewa dhahabu na Rais Bush. Ndiyo hii?

Hiyo ni medali, si sarafu. Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani ilikabidhiwa tarehe 29 Machi 2007, mbele ya karibu wazee 300 waliokuwa hai. Rais aliwapigia saluti, akisema ni kwa ajili ya saluti ambazo hawakurudishiwa walipokuwa vijana. Ya dhahabu ni moja tu na iko makumbusho ya Smithsonian. Nakala za shaba huuzwa, na haziwezi kununua chochote kwa sababu si fedha halali.

Zipo sarafu nyingine za namna hii?

Zipo. Bessie Coleman, mwanamke Mweusi aliyelazimika kwenda Ufaransa kusomea urubani mwaka 1920 kwa kukataliwa kwao, yupo kwenye robo dola ya 2023, ingawa hakuwa wa vitani. Uingereza ilitoa peni 50 mwaka 2015 kukumbuka mapigano ya angani ya 1940, ikionyesha marubani wakizikimbilia ndege. Ilitoka bila kuandikwa thamani yake popote, na watu wakacheka mno.

Ninayoipenda zaidi ni nusu dola ya 1946 yenye sura ya Booker T. Washington, mwanzilishi wa shule ya Tuskegee. Ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye sarafu ya nchi hiyo, na aliyeichonga, Isaac Scott Hathaway, alikuwa Mweusi pia na aliwahi kufundisha Tuskegee. Hiyo ina fedha asilimia 90. Ukiiona kwenye kopo la bibi, usiipeleke dukani.

Yule mzee aliyerusha sarafu kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, alitumia hii?

Hapana, hii ilikuwa bado haijatoka. Ni Charles McGee, mmoja wa Wanahewa, Februari 2020, akiwa na miaka 100. Alirusha sarafu maalumu ya mchezo ule. Huyo bwana alikuwa ameruka safari 409 za vita: Vita Kuu ya Pili, Korea na Vietnam. Alifariki Januari 2022, kwa hiyo sarafu hii ilimkuta hai.

Nimeisugua kwa dawa ya meno ing'ae. Nimeharibu?

Ndiyo. Dawa ya meno ina chembechembe zinazokwaruza, na mkusanyaji ataiona mikwaruzo hiyo kwa kioo chake kabla hujamaliza kusalimia. Ikiwa chafu, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uikaushe kwa kuigandamizia kitambaa laini bila kusugua. Mafuta, limau na majivu, usithubutu. Yako uliyokwisha kuisugua, mrudishie mtoto aichezee. Bado ni senti 25.